Miaka Safi ya Tarishi

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Tarishi ni shingo yake. Kabla hajaondoka mahali popote, hata kama ni kutoka kwenye meza ya kupigia pasi kwenda kwenye rafu ya mashuka, hatua nne tu, hugeuza kichwa akatazama juu ya bega la kulia, kisha juu ya bega la kushoto, ndipo akanyanyua mguu. Wanawake wenzake wa chumba cha kufulia nguo za hospitali walimcheka mpaka wakachoka. "Pita, Tarishi, barabara nyeupe," humwambia, naye hupita kwa upole bila kujibu. Wote huamini kuwa ni mazoea ya kazi yake ya zamani yaliyokataa kustaafu pamoja naye. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa kweli. Baadaye ilizuka sababu ya pili, na kwa muda mrefu sababu hiyo aliijua yeye na daktari wa macho, basi.

Jina la Tarishi ni la kazi. Kwa miaka ishirini na minne alipeleka barua za ofisi moja kubwa kwa pikipiki, toka akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu ambaye wanaume walimwuliza kama pikipiki hiyo ni ya kaka yake. Ilikuwa yake mwenyewe. Aliinunua kwa mkopo, akaimaliza, akaikatia bima kubwa kwa jina lake, na ofisi ikawa inamlipia mafuta tu. Kila mwaka alipokwenda kuhuisha bima, wakala alimkabidhi cheti chenye kisanduku kidogo kilichoandikwa "miaka bila dai," na kila mwaka namba iliyomo ndani iliongezeka moja, na malipo ya bima yakapungua. Tarishi aliiita miaka hiyo miaka safi. Watu wengine hujivunia kiwanja, wengine ng'ombe. Yeye hakuwa na kiwanja wala mume wala mtoto wa kumzaa, lakini alikuwa na miaka safi, na vyeti vyake alivitunza ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda.

Kusema kweli aliwahi kuanguka. Ilikuwa mwaka wa kumi na moja, alipomkwepa mbwa akaingia kwenye kibanda cha fundi viatu, vibao vikaenda huku na soli zikaenda kule. Mtu mwingine angeiachia bima ilipe, ndiyo kazi yake. Tarishi alimlipa fundi kutoka mfukoni mwake kwa miezi saba, akila mlo mmoja kwa siku, ili namba ndani ya kisanduku isirudi sifuri. Fundi mwenyewe alimwonea huruma. "Dada, hiyo bima unaikatia ya nini kama huitumii?" alimwuliza. Tarishi akamjibu kwamba mwavuli si lazima ulowe ndipo ujue ni mwavuli.

Chiriku alikuja kwake akiwa na miaka tisa. Alikuwa binti wa kaka yake, na kaka alikuwa amefariki kwa maradhi, mama yake akiwa ametangulia. Jina la Chiriku alilipata ndani ya wiki moja, kwa sababu alisema tangu anaamka hadi analala, na majirani walidai kwamba hata usingizini hakufunga duka. Alijifunza pikipiki akiwa na miaka kumi na sita, katika ua wa kiwanda cha mbao kilichofungwa, Tarishi akitembea pembeni huku ameshika mkanda wa suruali yake kwa nyuma kama mtu anayemshikilia mbuzi. Jambo la kwanza alilomfundisha halikuwa gia wala breki. "Kabla hujaenda popote, tazama nyuma yako. Kioo ni rafiki, lakini shingo ni ndugu."

Mwaka Chiriku alipomaliza shule, ofisi iliacha kutuma barua kwa mkono. Kila kitu kilihamia kwenye kompyuta, na Tarishi akapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Alipata kazi ya kupiga pasi pale hospitalini. Wakati huohuo Chiriku alipata leseni, na wiki tatu baadaye akapata kazi iliyomfanya aruke hadi kofia ikamdondoka. Mfamasia mmoja, mwanamke mwenye duka la dawa karibu na hospitali, alihitaji mtu wa kuwapelekea wagonjwa dawa nyumbani. Masharti yalikuwa mawili: uwe na pikipiki, na pikipiki iwe na bima kubwa.

Wakala wa bima alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la kutoa nakala, na ukikaa pale ulihisi mashine ya chini ikitetemesha kiti. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kamba. Alimjua Tarishi miaka yote ile. Alipomaliza kuandika, aligeuza karatasi ili waisome wenyewe, kama mtu asiyetaka kulitamka neno baya kwa mdomo wake. Bima ya Chiriku ya mwaka mmoja ilikaribia nusu ya bei ya pikipiki. Ilikuwa mara nne ya ile ya Tarishi, kwa pikipiki ileile.

"Mama, hii bei sikuitunga mimi," alisema. "Inatoka kwenye jedwali lile ukutani. Umri kumi na tisa, leseni ya wiki tatu, pikipiki ya kazi. Jedwali halimjui binti yako."

"Hilo jedwali lina macho?" Tarishi aliuliza.

"Halina. Lina hesabu. Vijana wa umri wake ndio wanaoanguka, na wakianguka hawaanguki peke yao."

"Mimi sijaanguka hata mara moja," Chiriku akasema.

"Una wiki tatu, binti. Hata mimi nina wiki tatu sijaanguka, na sijui kuendesha."

Tarishi hakucheka. Alikuwa akiutazama ule mstari wa mwisho wa karatasi. "Na miaka yangu? Iko ishirini na minne, yote safi. Siwezi kumkatia huyu hata kumi?"

Wakala alicheka mpaka akavua miwani. "Miaka hairithiwi, mama, wala haigawanywi. Ingekuwa inagawanywa, mimi yangu yote ningeshamgawia mama mkwe, aniache nipumzike." Kisha akaona uso wa Chiriku, akairudisha miwani. Akainuka, akafunga mlango, akakaa tena. "Kuna kisanduku kingine hapa. Mwendeshaji mkuu. Pikipiki ni yako, mama, na wewe unaiendesha. Kama binti ataiazima mara mojamoja, hilo ni jambo la nyumbani kwenu. Hata kumwandika si lazima, maana ukimwandika, jedwali litamwona."

Tarishi alishika kalamu kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akasaini.

Kwenye ngazi, wakishuka, alisimama. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema.

"Shangazi, si uongo mkubwa," Chiriku akamwambia. "Ni uongo wa saizi yetu."

"Hata huo siutaki. Karatasi inasema mimi ndiye mwendeshaji mkuu. Basi nitaendesha."

Na kweli aliendesha. Dawa nyingi zilitakiwa asubuhi, wagonjwa wa presha na kisukari wakitaka kumeza kabla ya kwenda shughulini, kwa hiyo Tarishi aliamka alfajiri, akachukua mafurushi yaliyoandaliwa tangu jana yake, akayasambaza, kisha akawahi zamu yake ya pasi saa tatu. Chiriku alichukua pikipiki mchana. Kwa kuwa safari za asubuhi zilikuwa nyingi kuliko za mchana, Tarishi aliona mizani inaegemea upande wa ukweli, naye akalala usingizi mzuri. Pale kufulia alinukia moshi wa pikipiki na sabuni kwa pamoja, na wenzake walisema ameota ujana wa pili. Labda ndivyo ilivyokuwa. Barabara ya alfajiri ilimrudishia kitu ambacho ile saa ya ukutani haikumpa.

Mambo hayo yalidumu miezi saba. Asubuhi moja, akiipita kona ya ghala, mkokoteni wa makreti matupu ulitokea kushoto kwake. Hakuuona. Haikuwa kwamba aliuona akachelewa. Kwake yeye mkokoteni haukuwepo, kisha ukawepo, umbali wa kiganja na goti lake, na mwenye nao amejitupa nyuma kuuzuia kwa uzito wake wote.

"Mama, hayo ni macho au vifungo?" yule mwanamume alifoka.

Tarishi alimwomba radhi. Alizima pikipiki. Mafurushi mawili yalikuwa yamebaki, naye akayapeleka kwa miguu huku akiisukuma pikipiki pembeni yake, kisha akaisukuma hadi nyumbani, mwendo wa saa nzima, akipitwa na kila mtu.

Daktari wa macho alimkalisha mbele ya kifaa chenye kiti cha kidevu, akampa kitufe. "Bonyeza kila ukiona mwanga." Tarishi alibonyeza kwa uaminifu. Aliona ajabu jinsi mwanga ulivyokuwa unawaka kwa nadra, akadhani mashine ni mbovu. Daktari alimwonyesha karatasi. Katikati palikuwa peupe, pande zote mbili peusi.

"Ni presha ya macho," alisema. "Imekula pembeni polepole, ndiyo maana hukujua. Kilichopotea hakirudi, mama. Tunalinda kilichobaki. Utatia matone haya kila siku, bila kukosa."

"Na pikipiki?"

Daktari, ambaye alikuwa kijana, aliweka kalamu chini. "Ungekuwa mama yangu, ningeuficha ufunguo leo."

Hakumwambia Chiriku. Alimwambia magoti yamegoma.

"Magoti yako yamegoma, na usingizi wangu je?" Chiriku alilalamika. "Mimi ni mtu wa kuamka jua likishanywa chai." Lakini kesho yake aliamka, na keshokutwa pia, na safari zote zikawa zake. Kuanzia siku hiyo karatasi ya bima haikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Tarishi alilijua hilo kila alfajiri aliposikia mlio wa pikipiki ukitoka uani bila yeye. Bima ilipofika wakati wa kuhuishwa, alipanda ngazi za wakala akiwa amekusudia kusema. Akaona lile jedwali ukutani, akaikumbuka ile bei, akasaini tena. Alijiambia kuwa atasema mwakani. Kesho ikazaa kesho.

Na Chiriku alikuwa akiendesha vizuri. Hilo ndilo lililomfariji Tarishi na ndilo lililokuja kumwuma baadaye. Alipita mvua na matope, akashuka mlima wa machimbo ya mawe ambako vijana wa kiume walikuwa wakibururwa na changarawe, na kila mgonjwa aliyempelekea dawa alipata na habari za mjini bila malipo. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyepooza upande, alikataa kumeza vidonge mpaka kwanza Chiriku amsimulie jambo. Kwa miaka miwili hakuvunja hata taa ya nyuma.

Kisha jioni moja alirudi nyumbani akiimba. Mfamasia alikuwa amepata mkataba na hospitali wa kusafirisha damu na vipimo, kazi ya ajira ya kudumu, yenye mshahara wa mwezi na likizo ya ugonjwa. Hospitali ilitaka waendeshaji wenye uzoefu: kila mmoja alete barua ya kampuni ya bima inayoonyesha miaka miwili ya kuendesha bila dai, kwa jina lake mwenyewe, na bima mpya iwe kwa jina lake, kabla ya mwisho wa mwezi.

"Miaka miwili, shangazi," Chiriku alisema, akivua buti. "Hata ningeipanga mwenyewe isingelingana hivi. Mfamasia ameniandika wa kwanza. Amesema, 'Wewe sina wasiwasi nawe, lete karatasi tu.'"

Tarishi alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kuikunja fulana ileile mpaka ikawa ndogo kama bahasha. Angeweza kusema wakati ule. Alisema, "Kesho tutaenda kwa wakala."

Wakala alipiga vidole kwenye kompyuta, mashine ikatoa karatasi, naye akaitazama kwanza kabla ya kuitoa mkononi. Chiriku aliisoma mara mbili. Miaka bila dai, ishirini na sita. Mwendeshaji mkuu, shangazi yake.

"Jina langu liko wapi?"

Wakala alimtazama Tarishi, na Tarishi akatazama mikono yake.

"Binti," wakala alisema kwa sauti ya chini, "kwenye kumbukumbu za bima, wewe hujawahi kupanda pikipiki."

"Nimepanda kila siku. Wewe mwenyewe huwa unanipungia mkono dirishani."

"Mkono wangu si kumbukumbu. Ukitaka ya jina lako, naweza kukuandikia hata leo. Mwaka sifuri." Akaandika bei kwenye kipande cha karatasi. Ilikuwa imepungua kidogo, kwa kuwa sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Lakini bei haikuwa shida kubwa tena. Hata angeipata, sifuri isingegeuka mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Njia nzima Chiriku hakusema neno. Tarishi alikuwa hajawahi kutembea naye hivyo, na alijikuta anasikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia katika mtaa wao, bomba linalovuja, redio ya jirani, nyayo zao wenyewe. Walipofika ndani, msichana alisimama katikati ya chumba akiwa bado na kofia ngumu mkononi.

"Kumbe miaka yangu umeivaa wewe."

"Nilitaka upate kazi, mwanangu."

"Nilipata. Na sasa naikosa kwa sababu hiyohiyo. Ungeniandika hata kwa penseli, shangazi. Hata pembeni."

"Tusingeweza kulipa."

"Basi ungeniambia kwamba siku zangu hazihesabiwi. Nilikuwa nazihesabu mimi. Kila siku nikiegesha pikipiki najiambia, leo nyingine." Alifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Na angalau ungebaki na zamu yako ya asubuhi. Tungekuwa tunadanganya wawili. Magoti, magoti. Mbona kanisani unapiga magoti kama kawaida?"

Tarishi alikaa kwenye kitanda. "Si magoti," alisema. "Njoo usimame hapa, pembeni yangu. Nyoosha mkono."

Chiriku alisimama bila kuelewa, akanyoosha mkono usawa wa sikio la shangazi yake.

"Sasa uulete mbele. Polepole. Nitakwambia ukifika."

Mkono ulisogea. Ulipita sikio, ukapita jicho, na Tarishi alikuwa bado anatazama ukutani, ametulia, kama mtu anayengoja zamu yake dirishani. Vidole vilikuwa karibu kugusa pua aliposema, "Hapo."

Chiriku aliuacha mkono pale hewani. Kisha akaushusha, akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la shangazi yake, lile goti zima lisilo na ugonjwa, na wakakaa hivyo bila mmoja kumtuliza mwenziwe.

"Tangu lini?"

"Tangu mkokoteni."

"Mkokoteni gani?"

Tarishi akamsimulia. Chiriku alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilikuwa geni kwao wote wawili. Masimulizi yalipokwisha, msichana alisema basi, kazi na iende, atatafuta nyingine, pikipiki waiuze wanunue matone ya macho. Tarishi alitikisa kichwa. Alikuwa ameshaamua akiwa njiani, katika ule ukimya.

Wakala alipoambiwa alichokusudia Tarishi, kwenda makao makuu ya bima kusema ukweli, aliufunga mlango kama mara ile ya kwanza, ila safari hii jasho lilikuwa limemtoka. "Mama, tulia. Ukienda makao makuu ukasema hujaiendesha, hawatakupa wewe, hawatampa yeye. Wataifuta yote. Miaka ishirini na sita. Na wataniuliza mimi."

"Wewe hukushika kalamu," Tarishi alisema. "Niliishika mimi. Hilo ndilo nitakalosema."

Wakala alimshika mkono akamsindikiza hadi chini ya ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ushahidi ulitoka kwa mfamasia. Kila mgonjwa aliyepokea dawa alisaini fomu, na aliyeileta alisaini chini yake na kuandika saa. Mfamasia alikuwa mtu wa kutotupa karatasi. Watumishi wake walimtania kwamba hata risiti za pipi anazo. Alitoa majalada manne mazito, akayafunga kwa kamba. "Nafasi yake naishikilia hadi jioni ya siku ya mwisho," alimwambia Tarishi. "Zaidi ya hapo si mimi, ni hospitali." Ndani ya majalada, sahihi ya Tarishi, iliyonyooka kama mstari wa rula, ilionekana asubuhi za miezi saba, kisha ikatoweka. Sahihi ya Chiriku, yenye mkia mrefu, iliendelea mpaka ukurasa wa mwisho.

Afisa wa makao makuu alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu, aliyesimama walipoingia. Alizipitia karatasi kwa karibu saa moja. Mara mbili alirudi nyuma kulinganisha tarehe. Kisha alichukua fomu nyeupe, akaieleza mstari kwa mstari.

"Naomba unielewe vizuri, mama. Hili ni tamko kwamba maelezo ya mwendeshaji mkuu hayakuwa sahihi. Ukishasaini, miaka yako yote ishirini na sita inafutwa, na hakuna rufaa. Kuhusu binti, mimi siwezi kuahidi. Kamati inaweza kumhesabia miaka miwili, inaweza ikakataa, inaweza hata ikamzuia kukata bima kwetu."

"Imewahi kukubali?"

"Mara moja, tangu nianze kazi hapa."

"Basi inawezekana."

"Kwa nini uliacha kuendesha asubuhi?"

Chiriku alifungua mdomo, lakini Tarishi alimtangulia. Akaeleza macho. Afisa aliacha kuandika.

"Hilo fomu haikuuliza," alisema kwa upole. "Unaweza kuliacha."

"Najua. Liandike. Sitaki siku nyingine mtu aje kufukua kitu chini ya hiki."

Afisa akaandika. Halafu akasukuma fomu, akamwonyesha pa kusaini, chini kabisa, upande wa kulia. Kalamu ya Tarishi ilitua kwenye meza, ikatua tena kwenye meza. Chiriku alitaka kumwongoza mkono, akajizuia. Badala yake aliisogeza karatasi tu, kidogo, mpaka mstari ukawa mbele ya shangazi yake. Tarishi akasaini. Miaka ishirini na sita, pamoja na ile miezi saba ya mlo mmoja, iliondoka kwa muda usiotosha hata kuipasha pikipiki moto.

Nje, kwenye ngazi za jengo, alihitaji kukaa. Hakulia. Alisema miguu ina baridi. Chiriku alimvua viatu, akamsugua nyayo mbele ya watu wote waliokuwa wakipita, akisema habari za hovyo, za mwalimu mstaafu na paka wake, za mfamasia na majalada yake, akasema mpaka sauti ikamkauka, na Tarishi akamwacha aseme.

Kamati ilipangiwa kukaa Alhamisi, na Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Afisa aliahidi kupiga simu kabla ya saa kumi. Asubuhi Chiriku alimfuata shangazi yake kazini, kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani peke yake. Alikuwa amevaa buti na koti la pikipiki, amekaa juu ya marobota ya mashuka masafi, simu imewekwa juu ya goti.

"Hata wakikubali, leo hakuna mzigo wa kupeleka," Tarishi alimwambia.

"Najua. Nimevaa tu."

Wanawake wa kufulia, ambao kwa kawaida hawaachi mtu apumue, siku hiyo walitembea kwa vidole. Mmoja alileta chai, mwingine akamwuliza Chiriku kama simu ina chaji, na baada ya dakika tano mwingine akamwuliza tena. Saa saba ilipita, saa nane ikapita. Saa tisa kasoro kumi simu ililia, na chumba kizima kikasimama, mikono ikiwa na mapovu. Alikuwa mfamasia.

"Bado," Chiriku alimwambia. "Bado, mama. Ndiyo. Nitakupigia." Akakifuta kioo cha simu kwa mkono wa koti, akairudisha gotini. "Anasema yuko dukani hadi saa kumi na mbili. Anasema hatafunga."

Tarishi aliitikia kwa kichwa. Palibaki shuka tisa za wodi ya watoto, naye akapiga tatu, akigusa kingo kwa vidole ili ajue zinapoishia. Chiriku alinyanyuka akaenda mlangoni, ambako mtandao hushika vizuri zaidi, akasimama pale akiwa ameishika simu kwa mikono miwili. Saa iliyotundikwa pale kufulia ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Pasi ilikuwa ikipumua mvuke kwa kelele zake za siku zote, na Tarishi akaona inaweza kuumeza mlio wa simu. Akaizima, akaisimamisha, akageukia mlangoni kusikiliza.